Pawasaplai ya CNC ya kujitengenezea: pima volti mashine ikiwa kazini

Nilikata duara kwa CNC yangu, mashine ya kukatia inayoongozwa na kompyuta, likatoka yai. Nikakaza mikanda, nikabadilisha kapulingi, nikapanga upya programu. Wiki mbili zikaishia hapo, kumbe ubovu ulikuwa kwenye pawasaplai, boksi la bati linalozipa mota umeme, lililoandikwa 36 V, 10 A. Mashine ikiwa imetulia, multimita ilisoma 36.1. Nilipozikimbiza mota za X na Y (za pande mbili za mwendo) kwa pamoja, namba ikaporomoka hadi 28, mota moja ikabaki inanguruma bila kuzunguka.

Kwa hiyo leo sizungumzii ukubwa wala kelele za feni. Nauliza moja tu: mota zote zikivuta, volti zinabaki ngapi? Zikishuka, mkondo hauwahi kujaa kwenye koili, stepa mota (mota inayozunguka hatua kwa hatua) inakosa nguvu kwenye kasi kubwa na kuruka hatua. Mashine nyingi za kujitengenezea hazina njia ya kulijua hilo. Zinaendelea tu kukata mahali pasipopaswa.

Pawasaplai ya kwanza kwangu ni Mean Well LRS-350-36, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Inatoa 9.7 A za kweli. Jumlisha ampea za mota zako, chukua theluthi mbili: mota nne za 3 A zitataka kama 8 A, na akiba inabaki. Ila soma kwanza kikomo cha volti cha draiva, saketi inayoendesha mota. Draiva ya A4988 inaishia 35 V, haifai hapa. DM542 inafika 50. Na kabla ya kuchomeka, chungulia swichi ya 115/230. Ikiwa kwenye 115 nawe ukaipa 230, umeiunguza.

Ya pili ni transfoma ya mviringo yenye daraja la daiodi na kapasita kubwa. Mota nzito zikisimama ghafla hurudisha umeme na volti kupanda. Kapasita huumeza, wakati pawasaplai ya kawaida inaweza kujizima katikati ya kazi. Kumbuka kuzidisha volti za AC za transfoma kwa 1.4 ili upate za DC zitakazofika kwenye draiva, na bila mzigo, yaani kitu cha kuvuta umeme, zinazidi hapo.

Ya kompyuta, 12 V, ni ya kujifunzia. Maboksi yasiyo na jina sinunui tena.

Wauzaji ndio wanaoniumiza roho. Niliporudisha boksi langu, muuzaji aligusisha multimita boksi likiwa halina mzigo, akaniambia, "Dada, 36 hiyo, ni zima." Bila mzigo karibu kila boksi ni zima! Lebo ya ampea inabandikwa tu, na anayelipa ni mnunuzi.

Sasa naenda dukani na balbu tatu za taa za gari, za 12 V na 55 W, nimeziunga mfululizo. Zinavuta karibu 4.6 A, seti mbili sambamba, zaidi ya 9. Naziwasha kwa dakika kumi, macho kwenye multimita. Nyumbani napima tena kwenye skrubu za draiva: kama boksi linatoa 36 na draiva inapata 33, badilisha waya, ni mwembamba.