Mashimo ya Mfalme Sulemani: nimekisoma upya, na hivi ndivyo ningekisoma na watoto

Kwa mwenye haraka: hadithi bado inashika, na sura sita za mwanzo ni tamu kama zamani. Ila si kitabu cha kumpa mtoto ukamwacha nacho peke yake. Kifae darasa la saba au kidato cha kwanza, mtu mzima akiwa pembeni, na mtu mzima huyo awe ameshakipitia mwenyewe kwanza.

H. Rider Haggard alikitoa Uingereza mwaka 1885. Kiswahili chake kilitoka 1929, kimefasiriwa na Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata akawa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili chetu. Safari hii nimesoma maandishi ya Kiingereza, ambayo yapo bure mtandaoni kwa kuwa mwandishi alifariki 1925 na hakimiliki imekwisha. Kwa hiyo majina na namba za sura nazitaja kama zilivyo humo.

Kinachokibeba kitabu ni msimulizi wake, Allan Quatermain, mwindaji wa tembo anayehesabu kila kitu. Sura ya 5, kabla ya kuingia jangwani kumtafuta ndugu aliyepotea wa Sir Henry Curtis, Mwingereza anayesafiri naye, anaorodhesha mizigo kama karani wa ghala. Hapa simamisha usomaji, watoto watoe kalamu. Chupa za maji ni tano, kila moja painti nne, yaani lita 2.27. Jumla ni lita 11 na kitu, na wasafiri wako watano. Kuna watu watatu wa kuwasindikiza usiku wa kwanza, kila mmoja na kibuyu cha galoni moja ili chupa zijazwe upya: ongeza lita 13 na nusu. Chote hicho hakizidi ndoo ya lita 20 na kidumu cha lita tano, jangwa zima. Nyama iliyokaushwa juani ni ratili 25, kama kilo 11. Mtoto wa Dodoma anayejua foleni ya bombani mwezi wa kumi hahitaji kuelezwa zaidi. Mwache agawanye kwa watu watano, kisha kwa siku. Ukiiruka hesabu hii, sura ya 6 inabaki kuwa kelele za watu wenye kiu. Ukiifanya, darasa linajua mapema kuliko wahusika kwamba maji hayatoshi.

Na maji yanapatikanaje? Ventvögel, Mkhoikhoi waliyemwajiri, ananusa hewa na kusema maji yapo. Wenzake wanambishia, kisha yanapatikana juu ya kilima. Watoto waliokulia kwenye makorongo, wanaojua mahali pa kufukua mchanga wakati wa kiangazi, watamwelewa kuliko anavyomwelewa Quatermain. Sura hiyohiyo haijaisha Ventvögel anakufa kwa baridi pangoni, maiti inaachwa palepale na safari inaendelea. Nilipokisoma utotoni hilo lilinipita kabisa. Uliza darasani: nani aliyewaokoa, na amepewa mistari mingapi ya kuombolezwa?

Sura ya 7 ndiyo inayohitaji kazi kubwa zaidi. Wakishavuka milima wanakuta barabara pana iliyochongwa kwenye mwamba, na baadaye masanamu makubwa ya mawe. Kila mara swali ni moja: ni Wamisri, ni Wafoinike, ni Sulemani? Kwamba wenyeji wangeweza kuwa wamejenga haliwapitii akilini. Si Haggard peke yake. Enzi zake magofu ya Great Zimbabwe nayo yalikuwa yakisemwa ni kazi ya wageni, hata ya Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akachimba tena 1929 akathibitisha. Mwaka uleule, angalia, ambao watoto wa Tanganyika waliwekewa mezani hadithi ya Sulemani kwa Kiswahili safi. Kwa mfano wa karibu zaidi kuna michoro ya mapangoni Kolo, ukishapita Kondoa mjini kwenye barabara ya Arusha. Imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006 na ni mahali pazuri pa ziara ya darasa baada ya sura hii.

Uwindaji wa tembo katika sura ya 4 usiuruke, lakini usikae nao sana. Wanaua tisa, wanatumia siku mbili kung'oa meno na kuyafukia. Msimulizi anaona ni kazi nzuri. Waambie tu kwamba biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na kwamba mwaka huohuo Tanzania iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili. Mjadala utajiendesha wenyewe, hasa kama kuna mtoto anayetoka kijiji ambacho tembo wanaingia mashambani. Huyo atakuwa na maoni makali kuliko ya mwalimu.

Sasa Gagool. Hapa ndipo ninapoona hatari hasa, na kwetu ni kubwa kuliko kwa msomaji wa London. Ni ajuza aliyekunjamana, anafananishwa na nyani, na sura ya 10 anapita kati ya watu akiwanusa wachawi, nao wanauawa mmoja baada ya mwingine. Nchi hii imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Ukisoma sura hiyo kwa sauti bila kusimama, kuna mtoto atakayerudi nyumbani akamtazama bibi wa jirani kwa jicho jingine. Njia niliyoiona inafaa ni kusoma sura ya 10 na ya 16 siku zinazofuatana. Katika ya 10 yeye ndiye anayeua. Katika ya 16 na ya 17 ni mwanamke mzee aliyelazimishwa kwa ncha ya mkuki kuwaonyesha wageni hazina ya nchi yake. Waandike ukurasa mmoja wakisimulia safari ile ya pangoni kwa mdomo wa Gagool. Kazi hiyo moja ina faida kuliko maswali kumi ya ufahamu.

Foulata naye. Msichana huyu mwenyeji anamuuguza Kapteni Good, Mwingereza mwingine wa msafara, mpaka anapona, kisha anachomwa kisu na Gagool akijaribu kumzuia asitoroke. Anakufa akisema jua haliwezi kuoana na giza. Quatermain baadaye anaandika, bila haya, kwamba kifo kile kilikuwa nafuu maana kingezuia matatizo. Mwandishi amemuua ili asilazimike kumwozesha. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaliona hilo haraka mno, hasa wasichana.

Umbopa ndiye zawadi ya kitabu. Anaingia kama mtumishi, kumbe ndiye Ignosi, mfalme halali wa nchi ile ya ng'ambo ya milima. Sura ya 5 Quatermain anamkemea kwa kumwita Sir Henry kwa jina la mazoea, naye anajibu kwa kuuliza umejuaje kwamba mimi si sawa naye. Na sura ya 19, akiwaaga, anasema hataki wafanyabiashara wenye bunduki na pombe wala wahubiri waingie nchini mwake. Haggard aliandika hivyo mwanzoni mwa 1885, mwaka ambao Mkutano wa Berlin ulimalizika. Hotuba hii isomwe na mwanafunzi mwenye sauti, amesimama.

Jambo dogo la kiufundi: fungua sura ya 11 uone wanawatishia wenyeji kwa kupatwa kwa nini. Toleo la kwanza lilikuwa na kupatwa kwa jua, na usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, jambo lisilowezekana, maana jua hupatwa mwezi unapoandama. Matoleo ya baadaye yakabadili ukawa mwezi. Mwalimu wa sayansi apewe dakika kumi hapo.

Ukinunua nakala ya mitumba, ikague kabla ya kulipa. Kwa ukavu wa hewa ya Dodoma gundi ya mgongoni hukakamaa, na ukikibinua kitabu mpaka kilale bapa kurasa zinachomoka kwa mafungu. Hesabu sura ziwe 20. Tazama kama ramani ipo. Isipokuwepo, ichoreni ubaoni kwa kufuata sura ya 2. Sura za 12 hadi 14 ni vita tupu. Muda ukibana, simulia kwa mdomo uhamie ya 15.