Pauahi au Rania: wakfu wa ardhi au ukarabati wa shule?

Binti mfalme Bernice Pauahi Bishop wa Hawaii aliusia mwaka 1883 kwamba ardhi yake igharimie Shule za Kamehameha. Ya wavulana ilifunguliwa 1887, ya wasichana 1894. Malkia Rania wa Jordan alianzisha mpango wa Madrasati mwaka 2008, wa kukarabati shule 500 za serikali kwa ufadhili wa kampuni binafsi.

Kwa kudumu, Pauahi hana mpinzani: wapangaji wa ardhi hulipa kila mwaka. Ila wakfu huharibikia kwa wadhamini. Wale watano wa Kamehameha waliondoka wote 1999 kwa kashfa. Kwa wepesi wa kuanza, Rania. Tatizo ni matunzo: mfadhili akiondoka, nani ataziba paa? Mwenye ardhi aweke wakfu, akidai ukaguzi huru. Mwenye michango tu akarabati, lakini atenge kwanza fungu la matengenezo.