TAHADHARI: Viwanja vya bwawani "nje ya mita 60", Mtwara na Lindi

Hela ya korosho ikiingia tu, yule dalali wa viwanja vya bwawani naye anaingia kazini. Mnaomjua mnamjua. Kinachouma ni kwamba hafichi sheria inayokataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka bwawani, anaitumia kama chambo.

"Mama, sheria inasema mita 60, mimi sitaki uje ubomolewe." Kisha anavuta futikamba mbele ya macho yako kuanzia maji yalipo, anahesabu kwa sauti hadi 60, anaongeza 10 "za usalama", anapigilia kigingi. Mwenyekiti yupo, muhuri upo, mashahidi wapo. Nani asingeamini? Waliolipa wasichekwe hata kidogo.

Wizi uko kwenye mwezi. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Oktoba maji yameshuka. Ardhi ikiteremka mita 1 kwa kila mita 40, bwawa likipungua kina mita 2 ukingo unarudi nyuma mita 80. Kigingi chako cha mita 70 kumbe kiko ndani ya bwawa! Kipimo cha haki kinaanzia maji yanapofika bwawa likijaa, yaani usawa wa mdomo wa utoro wa maji, ile njia ya kutolea maji ya ziada. Mpimaji mwenye levo (kifaa cha kupimia usawa wa ardhi) anauhamishia usawa huo hadi kiwanjani, na hapo ndipo mita 60 zianze.

Katazo la shughuli za kudumu lipo kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda ukanda huo. Muhuri wa mtaa hauufuti. Na si ukaidi wa serikali: mchanga wetu wa pwani unapitisha maji haraka, choo cha shimo hapo kinarudi kwenye ndoo za watu.

Huyo akamatwe! Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, kifungo hadi miaka 7, na mwenyekiti anayegonga muhuri huku akijua maji ya masika yanafika wapi aunganishwe kwenye kesi hiyo hiyo. Warudishe hela za watu.

Dalili? Bei ya haraka, hakuna namba ya kitalu wala kiwanja, kona kona ukitaja ofisi ya ardhi ya halmashauri. Angalieni pia matete na tope lililopasuka upande wa juu wa kigingi. Ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ipo Mtwara, kaulizeni mipaka kabla ya kutoa hata kishika uchumba. Aliyekwisha lipa asimwage msingi, apeleke karatasi za mauziano polisi.