Mpima ardhi wangu: kazi safi, ahadi za kusuasua

Nilipompigia simu mara ya kwanza nilimwambia tu, "Njoo unipimie kiwanja." Akauliza, "Kipimo kipi?" Nikajibu kwa ukali kidogo kwamba kupima ni kupima. Akacheka, akaja. Tangu siku ile nimemwita mara tatu na kumlipa mara tatu, na ingawa kazi yake naisifu, kile kicheko bado namlaumu nacho. Angenikalisha chini dakika kumi anieleweshe, pengine zingetosha safari mbili.

Safari ya kwanza ilikuwa ya mipaka. Alikuja na nakala ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa, akaanza kwa kutafuta mawe ya zamani ya mipaka kabla hajagusa kitu kingine. Hapo nikaanza kumheshimu. Matatu yalionekana, la nne halipo. Muuzaji wa kiwanja alikuwa amenionyesha mti akasema pembe ndiyo hii, nami nikakubali, tena nikahakiki kwa simu. (Simu, hata mahali peupe, hukosea mita 5 bila aibu. Nilikuwa nahakiki hewa.) Yeye akapiga hesabu kutoka kwenye yale matatu, akachora alama chini, akamwambia kijana wake achimbe. Jembe la sita au la saba likagonga zege, nondo katikati, udongo kama sentimita 40 juu yake. Lilikuwa mita moja na robo upande wangu kutoka kwenye ule mti. Ukuta niliokwisha kuuwazia ungekaa kwa jirani.

Kwa furaha nikampelekea msanifu majengo ile karatasi. Akaigeuza, akaniuliza, "Na mteremko uko wapi?" Kumbe kipimo cha mipaka kinakupa pembe, urefu wa pande na eneo, basi. Hakisemi ardhi inapanda au inashuka. Nikarudi kwa mpimaji, naye akaja kuchukua sura ya ardhi. Siku nzima kijana anatembea na fimbo yenye kipokezi cha setilaiti, kila mita 5 anasimama. Wakachukua mti, ukingo wa barabara, mtaro, ukuta wa jirani na mfuniko wa chemba. Karibu na ukuta na chini ya mti kile kipokezi kilikuwa kinasitasita. Hakulazimisha, akasimamisha mashine ya miguu mitatu, ile inayopima kwa kulenga kioo kwenye fimbo. Wapo ambao wangeandika tu namba yoyote wakaenda zao.

Mchoro ulipotoka, wenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) za kila nusu mita, tuliona kiwanja kinashuka mita 3 kutoka nyuma hadi mbele, na urefu wake ni mita 30. Kwa macho nilidhani ni mita moja. Choo ambacho kwenye ramani ya nyumba kilikuwa pembe ya chini kingekuwa chini kuliko bomba la chemba inayopokea maji taka. Kikahamishwa kwa kalamu, kabla ya sururu.

Mchoro huo ulimaliza pia ubishi wa fundi wangu, aliyeapa kwamba kiwanja kina sentimita 15 za ziada. Alikuwa amelaza tepu juu ya mteremko. Ramani hupima mlalo, kama vile umeivuta tepu hewani ikakaa sawa na pimamaji, na kwa mteremko wangu tofauti ndiyo hizo hizo 15.

Safari ya tatu, ya kuhamisha pembe za jengo kutoka mchoroni hadi ardhini, ndiyo iliyonikera. Alichelewa siku mbili bila hata ujumbe, na wachimbaji wangu wamekaa juu ya majembe. Alipokuja, vigingi alivipigilia vizuri, msumari juu ya kila kimoja. Nilivuta tepu mwenyewe kona kwa kona: jengo la mita 12 kwa 9 lazima litoe mita 15 kwenye mishazari yote miwili, na lilitoa. Lakini aliviweka kwenye pembe zenyewe za msingi, mahali pa kwanza kuchimbwa. Fundi ndiye aliyesema, "Bosi, mwambie atuwekee vya akiba nje, mita mbili mbili." Jambo hilo lilipaswa kutoka kwa mpimaji.

Kosa jingine tuligawane. Alama ya kimo, ile ambayo vimo vyote vya jengo hupimwa kutoka kwake, aliipaka rangi kwenye nguzo ya lango la zamani, na mimi nikalibomoa lango. Alirudi akaiweka upya bila malipo, safari hii mahali pawili.

Ukimwita, mwambie mapema unataka na faili la mchoro, siyo karatasi peke yake. Mhandisi alilihitaji kukokotoa kifusi, na mimi nililipata baada ya siku sita na simu nne.