Nyama ya oveni ya Jumapili Malindi: nyama safi, pudini zimenywea

Mji huu umezoea piza na pasta za Waitaliano. Mkahawa wa ufuoni unaoandika kwenye ubao wake "nyama ya ng'ombe ya kuoka na pudini za Yorkshire" kila Jumapili si wa kupitwa hivi hivi. Pudini hizi si tamutamu: ni uji wa unga, mayai na maziwa unaookwa mpaka uvimbe na kupata ganda kavu lenye shimo katikati, chakula cha jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Jina hatulitaji, kwa kuwa kasoro kubwa ni moja, nayo ni ya kurekebishika wiki hiyo hiyo wakitaka.

Nyama wameiweza. Wanaoka paja, na paja la ng'ombe wa malisho halina mafuta mengi. Ukilikata vipande vinene linashinda meno. Hapa wanaliacha litulie kwanza, kisha wanalikata jembamba, kama milimita 3, kinyume cha nyuzi. Katikati pana wekundu kidogo tu. Asiyetaka kuona majimaji mekundu kwenye sahani, na wengi hawataki, aombe vipande vya mwisho wa paja, vimeiva kabisa na havijakauka.

Pudini ndizo zilizotuangusha. Zimeletwa na kimo cha vidole viwili, kingo zimepata rangi nzuri ya kahawia, lakini ukiinua moja kwa uma inajikunja bila mlio wowote, na chini kuna vitone vya jasho. Royal Society of Chemistry ya Uingereza ilitangaza mwaka 2008 kwamba pudini isiyofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, haistahili jina la Yorkshire. Huo ni ukali wa wanakemia. Ila hizi zilipanda vizuri, kingo zinashuhudia. Kisha zikafunikwa zikangoja wateja. Unyevu wa pwani haulipi ganda la namna hiyo muda, na mchuzi ulikuwa umeshamwagwa juu yake huko huko jikoni.

Mapishi yenyewe hayana siri. Ni uji wa ngano unaofanana na wa chapati za maji, isipokuwa mayai ni mengi. Kipimo kinachoaminika ni cha ujazo: mayai, unga na maziwa sawa kwa sawa. Mayai 4 ya gredi hujaza karibu mililita 200. Tia unga mililita 200, maziwa mililita 200, chumvi nusu kijiko cha chai, piga mpaka mabonge yaishe, acha nusu saa. Unapata pudini 12 za trei ya keki ndogo. Mayai ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo yapime kwa kikombe, usiyahesabu. Unga uwe wa kawaida. Uliokwisha kutiwa beking poda unakupa keki, halipatikani lile shimo la katikati la kushika mchuzi.

Kisha mafuta. Kijiko cha chai kimoja kila shimo, trei ndani ya oveni yenye nyuzijoto 220 mpaka mafuta yaanze kufuka moshi, kama dakika 10. Uji ukimiminwa lazima uchachatike. Usiposikia kitu, rudisha trei, kwa sababu pudini ya mafuta vuguvugu hugandia na kitako chake huwa kizito. Nyama ya huku haichuruzishi mafuta ya kutosha kwa kazi hii, kwa hiyo tumia mengine. Samli inafaa sana, siagi na majarini huungua. Baada ya hapo mlango usiguswe dakika 20. Kinachoziinua ni mvuke, na hewa baridi ikiingia kabla kuta hazijakauka zinaporomoka moja kwa moja. Jiko la gesi lenye moto wa chini pekee, weka trei rafu ya juu. Zikishapata rangi, toboa kila moja kwa ncha ya kisu mvuke utoke, urudishe dakika 3.

Mkahawa haukosi muda wa kufanya haya. Nyama ikitoka hupumzika nusu saa na zaidi kidogo chini ya foili, na oveni imebaki tupu: pandisha moto kutoka 180 hadi 220, oka pudini wakati huo. Zaidi ya hapo, Yorkshire kwenyewe desturi ya zamani ilikuwa pudini kutangulia peke yake na mchuzi, watu washibe kidogo kabla ya nyama, ambayo ni ghali. Sisi tunaipendelea njia hiyo kuliko kurundika kila kitu sahani moja. Pudini moja moja, moto, jagi la mchuzi kando. Nyama ifuate.

Mchuzi wao ni mzuri, umetokana na masalio ya trei, unga kidogo na supu ya mifupa, pilipili manga basi. Hakuna nyanya wala dania, na afadhali. Mbatata zimekaangwa kwenye karai, hazikuokwa. Zimekosa zile kingo za kukwaruza zinazopatikana mbatata zikichemshwa nusu, zikitikiswa ndani ya sufuria, halafu zikiingia mafuta ya moto. Karoti na kabeji, sawa. Haradali ipo. Achari ya embe pia huletwa. Inakwenda vizuri ajabu na nyama, wahafidhina watusamehe, ila isiguse pudini.

Ukienda, agiza mapema, fika mzunguko wa kwanza, na mwambie mhudumu mchuzi uje kando. Ya kubeba nyumbani hufungwa kwenye boksi la foili lenye kifuniko, na pudini hufika zimelowa. Zitenge na nyama, ziweke kwenye oveni ya nyuzijoto 200 dakika 4 au 5, zinakauka tena. Maikrowevu huzifanya mpira.