Vocha za gemu za bei chee: wapi ununue, wapi ukimbie

Kabla hujauliza bei jibu kwanza hili: akaunti yako ni ya nchi gani? Nauliza akaunti, sio wewe unaishi wapi. PSN, yaani mtandao na duka la PlayStation, haina duka la Tanzania wala la Kenya, ukijisajili hizo nchi hazimo kwenye orodha, ndo maana kila mtu kajiandikisha kwingine, huyu Marekani, yule Uingereza au Afrika Kusini, na wenye ndugu Uarabuni wako Oman au Emirates. Nchi ukishaichagua huibadilishi tena maisha, na vocha inaingia kwenye akaunti ya nchi yake tu. Watu wanasema washa VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, haisaidii kitu, PSN wanaangalia akaunti imesajiliwa wapi na sio intaneti yako inatokea wapi.

Mimi akaunti yangu ni ya Oman kwa sababu mjomba yuko Muscat. Binamu alikuwa anarudi nyumbani akapitia Dubai, akaona vocha ya dola 50 imeshushwa bei akanichukulia. Nikajua dola ni dola, maana duka la Oman na la Emirates yote bei zake ni za dola. Nikakwangua, nikaingiza zile herufi na namba 12, ikagoma, nikaingiza tena taratibu nikihisi nimechanganya O na sifuri, ikagoma tena. Kugeuza kadi nyuma ndo naona imeandikwa Emirates. Vocha iliyokwanguliwa hairudishwi dukani, nikamuuzia jamaa mwenye akaunti ya huko kwa hasara na roho iliniuma kweli.

Sasa tupange sehemu za kununua, kuanzia nzuri kabisa. Namba moja kwangu, na sioni kinachoikaribia, ni ndugu au rafiki anayeishi nchi ileile ya akaunti yako. Anaingia dukani, ananunua kwa bei iliyoandikwa, unamrudishia hela yake, hakuna cha juu. Ila mwambie akupigie picha mbele na nyuma KABLA hajalipa, usome mwenyewe jina la nchi, na risiti aitunze mpaka salio lionekane kwako.

Namba mbili ni duka la mtandaoni linalotambuliwa na kampuni ya gemu yenyewe kama muuzaji wake. Unalipa kwa kadi ya Visa ya kwenye simu, Kenya wana M-Pesa GlobalPay tangu 2022, na namba ya vocha inakuja kwenye imeili. Bei inaweza kuzidi kidogo lakini ukikwama kuna mtu wa kumuuliza.

Kwa wa kompyuta habari ni nyepesi zaidi. Steam, duka la gemu za kompyuta, inatuhesabia sisi kwa dola na inapokea Visa, kwa hiyo vocha sio lazima kabisa, weka hela moja kwa moja. Na ukipewa vocha ya pesa nyingine mara nyingi inabadilishwa yenyewe kuwa pesa ya akaunti yako, ingawa zipo zilizofungiwa nchi, soma kwanza.

Namba tatu ni muuzaji wa mtaani au wa WhatsApp. Sikatai, wapo waaminifu, ila piga hesabu: akikuuzia ya dola 50 kwa shilingi 140,000 gawanya kwa 50, unapata 2,800 kwa kila dola, afu linganisha na dola ya benki siku hiyo. Akizidisha kidogo ni faida yake halali. Akiwa chini SANA ya benki hapo ndo uogope, maana hakuna mtu anayeuza dola kwa hasara, mara nyingi hizo zimenunuliwa kwa kadi ya wizi na kampuni ikigundua inafuta salio, na akaunti yako inaweza kufungiwa na gemu zote ndani. Ndo maana yale masoko ya mtandaoni ambako mtu yeyote anaweka vocha zake auze nayaweka chini kabisa, hujui umenunua kwa nani.

Na ile ya kuhamishia akaunti Uturuki au Argentina kufuata bei? Achana nayo. Watu walifanya hivyo Steam wakafaidi kwa muda, tarehe 20 Novemba 2023 lira na peso zikaondolewa, bei zikawa za dola. Kuficha ulipo kwa VPN ni kuvunja mkataba wa Steam, na nchi huko unabadilisha mara moja tu ndani ya miezi mitatu tena kwa njia ya malipo ya huko unakohamia.

Kitu ambacho hakisemwi madukani na kinaumiza vijana wengi ni diski. Diski ya PS4 au PS5 inacheza mashine yoyote, sawa, lakini vya ziada, kama pointi na nyongeza za gemu, lazima vitoke duka la eneo la diski. Yaani umenunua EA Sports FC yenye alama ya umri ya PEGI, ambayo ni ya upande wa Ulaya, afu akaunti ni ya Marekani, unaweka vocha, unanunua pointi, hazionekani kwenye gemu. Geuza kasha kabla ya kulipa: ukiona PEGI na namba ya umri ni ya Ulaya, ukiona ESRB na herufi kama E, T au M ni ya Marekani.

Wenye akaunti ya Marekani pia msinunue vocha ya dola 70 kwa gemu ya 69.99, majimbo mengi yanaongeza kodi juu na utapungukiwa.

Kwingine kubadili nchi kunawezekana: Xbox unaruhusiwa kubadili kila miezi mitatu ila salio halihami na wewe, Nintendo salio liishe kwanza, Google Play ni mara moja kwa mwaka na hela iliyobaki inabaki nchi ya zamani. Mimi siku hizi nanunua vocha kwa bei yake kamili, nasubiri punguzo la Novemba la PlayStation ndo naitumia, na gemu niliyoitaka inakuwa imeshuka kuliko vocha yoyote ya Dubai ingeweza kunipunguzia.