Wiki ya mihadhara ya umma chuoni: nenda, ila ufunguzi waachie wenyewe

Mimi nauza nyavu, kamba na maboya, njia ya kuelekea Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Kuanzia tarehe mosi Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena (dagaa) ukiwa umefungwa, biashara hulala. Kwa hiyo tangazo la wiki ya mihadhara ya umma katika chuo kikuu kimoja cha huku kwetu Kisumu lilipobandikwa stejini mwezi Mei, niliona heri nikawasikilize wasomi kuliko kukaa dukani nikifukuza nzi. Kiingilio bure, "wananchi wote mnakaribishwa". Chuo sitakitaja. Yapo niliyoyapenda na yapo yaliyoniudhi, na sina nia ya kumwaga unga wa mtu.

Kwa wenye haraka: inafaa kwenda, lakini chagua. Mihadhara iliyowekwa kwenye vyumba vidogo ilikuwa dhahabu. Ile ya ukumbi mkubwa ilikuwa ya wakubwa, sisi wengine tulikuwa wa kujaza viti.

Nianze na geti, maana huko ndiko "wananchi wote" walikoanza kupungua. Askari aliniuliza, kwa heshima zote, "Mama, wewe ni mzazi, ama umeleta bidhaa?" Nikamwambia nimekuja kusikiliza mhadhara. Akatazama daftari lake la wageni, safu ya "ofisi unayokwenda", akakwama hapo. Mwishowe aliandika "maktaba" na kuchukua kitambulisho changu. Nyuma yangu walikuwepo vijana wawili wa boda waliotaka pia kuingia. Hao waliambiwa waegeshe pikipiki nje, na wao, kwa kuogopa kuibiwa, wakageuza wakaenda zao. Mtu anayeandaa jambo la umma angemkalisha askari huyo chini jioni iliyotangulia, akamweleza ni nini kinachokuja.

Ufunguzi ulitangazwa kuwa wa saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu bado tulikuwa tunangoja wageni waheshimiwa. Walipofika, kila aliyesimama alianza kwa kuwatambua wale waliokwisha kutambuliwa na mwenzake. Mhadhara mkuu, uliotutoa makwetu, ukaja kusukumwa saa sita na kitu, na mzungumzaji akapewa kikaratasi cha kumwambia afupishe. Maswali? Muda hauruhusu. Muda huohuo ulikuwa umeruhusu ngoma mbili na shairi refu la kumsifu mgeni wa heshima. Sikurudi tena kwenye ukumbi ule, na sikupungukiwa na kitu.

Sasa nije kwenye uhondo. Mhadhara wa Ziwa Victoria ulikuwa alasiri, katika darasa la viti vya mbao, na ulitolewa na daktari mmoja wa mambo ya samaki, mama wa makamo asiye na makuu. Alianza kwa Kiingereza. Mzee mmoja wa Dunga, mwenye kofia ya pama, akanyoosha mkono kabla hata picha ya pili haijaonyeshwa: "Daktari, samahani, tuongee lugha ya soko." Watu wakacheka, na yeye akacheka, akavuka kuja upande wetu, akawa anachanganya Kiswahili na Kijaluo hadi mwisho. Hapo ndipo darasa lilipochangamka.

Alitukumbusha kwamba katika ziwa lote, takriban kilomita za mraba 68,800, sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Ghuba yetu ya Winam haina kina kirefu, inapokea mito ya Nyando na Sondu Miriu, na Mto Kisat unapita katikati ya mji ukibeba uchafu wetu wenyewe. Mbolea inayooshwa mashambani na maji taka ya mjini ndivyo chakula cha gugumaji, lile jani linaloelea na kuziba ziwa. Wengi wetu tulidhani gugumaji ni balaa tu lililoletwa na upepo. Lilitoka Amerika ya Kusini, na mwaka 1997 walianza kuachiliwa ziwani upande wetu fukusi wadogo, nao asili yao ni hukohuko, ili walile. Kweli likapungua sana, likisaidiwa na mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Lakini mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi zikingoja, na meza yake haijawahi kuondolewa chakula. "Fukusi alifanya kazi yake," daktari akasema. "Sisi ndio hatujafanya yetu." Mzee wa pama akaitikia kwa sauti, kanisani tupu.

Kisha yakaja maswali, na hapa nataka kuwasifu kwa dhati. Yule daktari aliacha nusu nzima ya muda wake kwa maswali. Mfugaji mmoja wa sato kwenye vizimba aliuliza kuhusu vile vifo vya samaki vya mwishoni mwa 2022, ambavyo viliwaacha majirani zake na madeni ya benki: "Mlituambia walikosa hewa. Hewa ilikwenda wapi, na ziwa ni lilelile?" Akaelezwa polepole. Maji ya juu hupigwa na upepo na kupata hewa. Ya chini ni baridi na mazito, na takataka zinazooza huko huila hewa yote. Hali ya hewa ikibadilika ghafla, maji ya chini hupanda juu. Samaki aliye huru hukimbia. Wa kizimbani anakimbilia wapi? Mfugaji akauliza kama kusogeza vizimba kwenye kina kirefu kungesaidia. Daktari akasema kungesaidia, pamoja na kutojaza samaki kupita kiasi na kutorundika vizimba vyote sehemu moja kwa sababu tu ni karibu na barabara. Yule bwana aliandika kila neno kwenye kiganja cha mkono, maana hakuwa na karatasi.

Nami nikauliza langu. Wateja huja dukani wakinong'ona, wanataka nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile zilizopigwa marufuku. Mimi siziuzi. Anaondoka, na baada ya wiki namwona nazo ufuoni, amezipata kwingine. Sasa sheria inamlinda nani, samaki au muuzaji wa magendo? Daktari alijibu kwamba nyavu hizo zikikatikia majini huendelea kunasa samaki muda mrefu bila mwenyewe. Akaeleza pia kwa nini mbuta (sangara) wa chini ya sentimita 50 na wa juu ya 85 hawaruhusiwi kuvuliwa: mdogo hajazaa, na yule mkubwa mno ndiye mama wa mayai mengi kuliko wote. Hilo la pili sikuwahi kuelezwa sababu yake miaka yote hii ya kuuza nyavu, nilijua tu kwamba ni sheria. Kuhusu magendo alisema ziwa ni la nchi tatu na doria ni chache. Jibu hilo halikuniridhisha, lakini lilikuwa jibu, na lilitolewa na mtu aliyenitazama machoni.

Mhadhara wa malaria nitaupitia haraka, si kwa ubaya wake. Ulijaa akina mama wenye watoto mgongoni, na muuguzi aliyeutoa alijua kazi yake. Wengi walikumbuka chanjo ilipoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza pamoja na Malawi na Ghana, na Shirika la Afya Duniani likaja kuipendekeza Oktoba 2021. Alisisitiza ratiba: miezi 6, 7, 9, halafu ya mwisho miezi 24, na hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto ameshakuwa wa kukimbia na mama hana tena safari za kliniki. Nyanya mmoja akauliza kama mjukuu akichanjwa neti itolewe, maana inamtia joto. "La, mama, usiitoe. Chanjo hupunguza, haimalizi." Kilichoniudhi ni kwamba mstari wa mbele wote ulikuwa umewekewa vikaratasi vya "wageni maalumu" ambao hawakutokea, na wale akina mama wakasimama ukutani na watoto wao hadi yule muuguzi mwenyewe alipoviondoa.

Ule ambao ningelipia, kama ungekuwa wa kulipia, ni wa Thimlich Ohinga, lile boma la kale la mawe huko Migori. Tulikuwa wachache, pengine kwa sababu uliwekwa wakati mmoja na ule mdahalo wa wanafunzi wenye kelele. Mwalimu alikuwa ameandaa picha nyingi. Akawasha projekta, stima ikapotea. Tukasikia jenereta ikiwaka, lakini ya jengo la utawala. Bwana yule hakulalamika. Alichukua chaki, akachora boma, kisha akaomba vitabu kutoka kwa wanafunzi, akaanza kutujengea ukuta mezani: safu moja upande wa nje, safu moja upande wa ndani, katikati akijaza vidogo vidogo vya kushikilia. Bila saruji, bila udongo. Ndivyo zilivyojengwa zile kuta za Migori, inakadiriwa katika karne ya 16, na zimesimama hadi leo kwa urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5. Akatuachia vitabu tujaribu. Kijana mmoja wa uhandisi alijenga wake kwa mbwembwe ukabomoka, na dada mmoja muuza mboga, ambaye kila siku hupanga nyanya mafungu, akajenga uliosimama. Darasa zima likampigia makofi.

Halafu likaja suala la milango. Milango ya boma lile ni mifupi kwa makusudi, adui aingie ameinama, kichwa mbele. Mzee mmoja aliyesema kwao ni Kanyamkago akasimama, na mwalimu akampisha: "Karibu, jaduong'." Akaeleza alivyosikia kwa wazee wake kuhusu ng'ombe kulazwa ndani na walinzi kukaa juu ya mawe usiku. Mwalimu alikuwa anaandika. Profesa anamwandika mzee, mbele ya watu! Mabishano yakazuka kuhusu nani hasa aliyejenga, maana wamepita watu wengi pale kabla ya Wajaluo na baada yao, na mwalimu hakuyazima, alisema hata wachimbaji wa mambo ya kale bado wanabishana. Aliongeza kwamba tangu UNESCO iliingize katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, wageni kutoka mbali wanaifahamu kuliko sisi wa Kisumu. Akauliza ni wangapi kati yetu waliowahi kufika. Mikono mitatu. Mmoja ulikuwa wa yule mzee.

Usiku wa nyota uliandaliwa uwanjani, na Mei ni Mei: mawingu ya mvua. Wengi walikata tamaa. Waliovumilia walipata nafasi mbingu ilipofunguka, na kijana mwenye darubini akatuonyesha faida ya kukaa karibu na ikweta, Msalaba wa Kusini upande mmoja na nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, kwa wakati mmoja. Alitaja pia setilaiti iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970 kuchunguza miale ya eksirei angani, ya kwanza ya aina yake, ikapewa jina la Uhuru kwa sababu ya siku hiyo. Watoto walipenda. Mimi nilipenda zaidi chai ya tangawizi iliyokuwa ikiuzwa pembeni.

Hema za maonyesho, ruka. Nilikuta benki na watu wa bima wakigawa kalamu, na meza moja tu ya wanafunzi wa kilimo waliokuwa na kitu cha kuonyesha, ambao walisukumwa nyuma karibu na vyoo.

Ukienda mwakani: beba kitambulisho na daftari lako, fika nusu saa mapema kwa mihadhara ya vyumba vidogo, na usiiamini ratiba iliyobandikwa asubuhi, uliza wanafunzi waliovaa fulana za wiki hiyo, wao ndio wanaojua kilichohamishwa. Kantini ya wanafunzi ina ugali na omena wa bei nzuri, ila mwezi ule omena walikuwa wa kuhifadhiwa, tena wachanga kidogo, nikawala nikiwa na maswali. Matatu za kurudi mjini baada ya giza ni chache, na wa boda hupandisha bei.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ni ya vitabu vilivyojenga ukuta. Moja na nusu niliyoinyima ni ya geti na ya ufunguzi, wagawane wenyewe.

Siku ya mwisho tuligawiwa fomu ya maoni. Iliuliza kama nimeridhika na mapambo ya ukumbi, na chakula, na mapokezi. Hakukuwa na mahali pa kusema kama mtu alipata nafasi ya kuuliza swali. Nikageuza upande wa nyuma nikaandika ombi moja: mwakani mhadhara wa ziwa ufanyiwe Dunga ufuoni, saa nane mchana mashua zikiwa zimerudi, na uwe kabla ya Agosti, wavuvi wa omena wakingali na usiku wao wa kulala. Viti nitatoa mimi.